Mirija ya Mutiso na Maji Yasiyojua Kushuka

Tangu nistaafu nimepanda mchicha nyuma ya nyumba yangu hapa Kitengela, na bado kila asubuhi najikuta natafuta geji ya kupimia unyevu. Mchicha wangu hauna geji. Una mimi, una jerikeni, na una ardhi ambayo maji yakimwagwa juu yake yanashuka yenyewe bila kubembelezwa. Hilo la maji kushuka mnaliona dogo. Mimi nililifanyia kazi maisha yangu yote, na siku hizi nikimwagilia huwa nasimama kidogo nikaliangalia.

Mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyoanza, nyinyi mnaobaki na funguo za kituo. Vyeo sitavitaja, maana vyangu vilikuwa vichache na hakuna mbegu iliyowahi kuota kwa ajili ya cheo. Nitaandika kuhusu sanduku, mirija ya udongo, na watu watatu ambao bila wao ningekuwa nauza sukari kwenye duka la mama.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa kaskazini aliyehamia Kajiado na hakurudi tena. Nilipomwambia nimepata kazi ya fundi wa maabara mahali wanapojaribu vifaa vya kupandia ngano ndani ya vyombo vya angani, aliniuliza, "Halima, kwani hapa chini shamba limeisha?" Nilivaa viatu vipya nikaenda, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, na viatu vile nilivipoteza siku hiyo hiyo kwenye ule udongo wetu mweusi. Mvua ilikuwa imenyesha. Mguu ulitoka, kiatu kikabaki, na nikaingia kazini siku ya kwanza nikiwa peku kama ninayekwenda kuswali.

Kituo kilikuwa nyuma ya shamba moja la maua. Msidhani kulikuwa na roketi. Kulikuwa na chumba kimoja kikubwa cha mabati, kibanda cha tanuri, na stima iliyokatika ikijisikia. Mkuu wetu alikuwa Daktari Naserian, mwanamke Mmaasai wa Kajiado aliyesomea mimea ng'ambo na kurudi na kazi mkononi: watu wa huko walikuwa wanatafuta namna ya kulisha wanaokaa angani kwa miezi, na walikubali sehemu ya majaribio ifanyike kwake. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinitazama miguu, akatazama tope, akaniambia, "Karibu. Mutiso atakupea gambuti."

Mutiso ndiye aliyenifundisha kazi, na nikisema kazi namaanisha yote. Alikuwa Mkamba wa upande wa Machakos, mzee wa kanisa, mwenye vidole vinene ambavyo hungedhani vinaweza kushika kitu chembamba. Somo la kwanza alinipa akiwa amekaa juu ya ndoo.

"Huko juu maji haijui kushuka," alisema. "Ukimwagilia mmea, inashika mzizi kama blanketi iliyolowa. Mzizi inakosa pumzi. Inakufa kwa maji na wewe unafikiria ni kiu."

"Sasa mtu anamwagilia aje?"

"Hamwagilii. Umeona mtungi ya udongo ikiwa na maji ndani? Nje si inatoka jasho? Basi. Sisi tunapea mzizi jasho."

Hiyo ndiyo mirija. Ilikuwa ya udongo uliochomwa, minene kama kidole, yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Tuliilaza ndani ya sanduku, tukaifunika kwa kokoto laini za udongo uliochomwa, na mizizi ikajipenyeza humo. Maji yalipita ndani ya mrija, na pampu iliyavuta nyuma kidogo, kidogo tu, ili yasitoke ovyo, yangoje mpaka mzizi uyavute. Pampu ikilegea, mmea unazama. Ikizidi, mmea unakauka. Katikati ya hayo mawili ndipo nilipokula ujana wangu.

Kwa kuwa anga hatukuwa nayo, tulitumia fremu ya kuzungusha. Sanduku lililazwa ubavu na kufungwa kwenye fremu, na mota ikaligeuza polepole mchana na usiku. Fremu haiondoi uzito wa kitu, nawakumbusha, maana wageni huuliza kila mara. Inaupotosha mmea tu, usijue chini ni wapi. Mutiso alisema mmea wa pale ulikuwa kama mpiga kura: kila ukitaka kutulia unageuziwa.

Mirija yake aliitengeneza mwenyewe tangu udongo hadi moto. Aliuchekecha udongo kwa kitambaa, akauchanganya na unga wa mbao ambao ungeungua tanurini na kuacha vile vitundu. Mrija ukitoka motoni aliugonga kwa ukucha na kusikiliza. Kisha aliuzamisha kwenye beseni, akaupuliza kwa mdomo. Mzima hautoi povu hata mashavu yakiuma. Wenye ufa hutoa povu mapema. "Ikitoa povu, tupa," aliniambia. "Usiibembeleze. Mrija si mtoto ya kurekebishwa." Nilitupa mingi. Siku niliyotengeneza mmoja ambao haukutoa povu, aliupuliza mara ya pili, akaupuliza mara ya tatu, akauweka pamoja na yake. Nimepewa vyeti kadhaa tangu siku hiyo. Hakuna kilichonifurahisha hivyo.

Mambo mengine tuliyajua kwa kuungua. Angani hewa ya moto haipandi, kwa hiyo jani hubaki limezungukwa na pumzi yake lenyewe, na lazima feni iisukume. Feni zetu zilitoka kwenye kompyuta zilizokufa. Mbegu nazo haziwezi kutupwa tu kwenye shimo, zingeelea. Tulizibandika kwenye utambi wa pamba kwa gundi ya miti ambayo binamu zangu walinitumia kutoka kaskazini, na Daktari akasema haijadhuru hata moja. Taa zilikuwa nyekundu na bluu, kwa sababu rangi hizo ndizo ngano inazozitumia zaidi. Tulipoziwasha mara ya kwanza jioni, bwana mmoja aliyevaa tai aligonga mlango akaomba soda na nyama choma. Tulimwambia hapa si baa, ni maabara. Akasema sawa, atangoja, hana haraka.

Mvua za El Nino zilipokuja, tanuri lilijaa maji hadi magotini na Mutiso akakaa akilitazama kama mtu aliyefiwa. Tulimsaidia kulijenga upya mahali pa juu zaidi. Sikujua kwamba baada ya miaka michache ningeikumbuka mvua ile kwa hamu.

Nafika sasa kwenye ukame wa mwaka elfu mbili. Nyinyi wengine mlikuwa wadogo, lakini wazazi wenu wanajua. Ng'ombe walipelekwa hadi Nairobi kutafuta nyasi, wakala maua ya katikati ya barabara. Huku kwetu upepo ulibeba vumbi na harufu. Soja wetu, Mzee Ole Sankale, alikuwa amefuga tangu azaliwe; alikuja kulinda kituo akiwa na umri wa babu kwa sababu kundi lake lilikuwa linapungua kila juma. Usiku alilinda, mchana alikwenda kuwahesabu waliobaki. Alikuwa na ufunguo wa chumba, maana stima ikikatika ni yeye aliyewasha jenereta ili fremu isisimame.

Mwaka huo ndio wenzetu wa ng'ambo walikuwa wanaamua. Walikuwa na aina mbili za mirija: ya chuma, ya kiwanda, na ya udongo, ya Mutiso. Walitaka kuona ngano ikikua kwenye mirija ya udongo tangu mbegu hadi mbegu, kwenye fremu. Ikishindikana, kazi ya udongo inafungwa. Mutiso alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Hakuniambia anaogopa. Alianza tu kuja kazini kabla yangu, na hilo lilinitosha.

Jaribio la kwanza, ngano iliota vizuri, kisha majani yakaanza kuwa manjano, shina likalegea. Geji ilisema kokoto zimelowa. Tuliitoa mirija, tukaipuliza: mizima. Tukairudisha, tukapanda tena. Manjano yale yale. Nje ya sanduku mirija haikuvuja. Ndani ya sanduku, kila asubuhi maji yamezidi. Nilibadilisha pampu, nikabadilisha mipira, nikabadilisha geji yenyewe. Ng'ambo wakaandika kwa upole, na upole wa aina ile unaujua ukiusoma: huenda udongo hauvumilii kuzungushwa, asanteni kwa juhudi zenu. Tungeweza kujaribu mara moja zaidi kabla ya kufunga.

Siku hiyo Mutiso alikwenda kwenye kibanda chake. Tulisikia mlio kama wa vyombo vikianguka, tukakimbia. Alikuwa ameishika nyundo na anaivunja mirija yake, yote iliyokuwa kwenye rafu, mmoja mmoja, kwa utaratibu.

"Mzee, wacha!" nilipiga kelele. "Hiyo ni mizima!"

"Mizima inavuja aje?" aliuliza. Hakupandisha sauti. "Nimedanganya Daktari, mama wa watu, miaka hii yote. Nimekudanganya hata wewe."

Daktari alimshika mkono wa nyundo, akaushika tu, hakuuvuta, mpaka akaiachia. Mirija iliyobaki duniani ilikuwa ile iliyo ndani ya sanduku. Nililia, na sioni haya kusema. Mutiso alikaa juu ya ndoo yake, vigae vimemzunguka miguuni.

Asubuhi iliyofuata lori la maji lilikuwa lije mapema sana, na ukikosa zamu yako wakati ule unangoja juma zima. Kwa hiyo nilifika jua likichomoza. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Nilichungulia dirishani. Mzee Ole Sankale alikuwa amesimama mbele ya fremu, rungu ameliegemeza ukutani, mkononi ana chupa ya soda yenye chuchu ya mpira, ile wanayonyweshea wana-kondoo waliofiwa na mama. Alingoja sanduku ligeuke mpaka tundu la mbegu lije juu. Likaja. Akaingiza chuchu, akaminya polepole, na akazungumza na ngano kwa Kimaasai, maneno laini. Sanduku likageuka, akachomoa. Akangoja tena.

Sikujua nicheke au nipige mayowe. Nilisema tu, "Mzee! Unafanya nini?"

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu ambaye amengoja siku nyingi aulizwe swali hilo. "Hii mtoto iko kiu," alisema. "Mimi naona kila siku. Nyinyi nakuja, naandika, naenda. Hakuna mtu napea maji. Hata kidogo."

"Maji iko ndani, mzee! Inapita ndani!"

"Mimi hapana ona."

Daktari alipofika walizungumza kwa lugha yao, na mimi niliyakusanya ninayoyajua. Kisha mzee akageukia kwangu, akaona lazima na mimi nielewe. "Ng'ombe yangu nakufa mimi naangalia. Nakosa maji ya kupea. Sasa hapa iko maji kidogo, ile yangu ya kunywa. Mimi naweza pita hii kitu, niende?" Maji yale yalikuwa yake ya kunywa. Katika mwaka ule, huku kwetu, mtu kupita chenye kiu akiwa na maji mkononi lilikuwa jambo la aibu kuliko wizi. Yeye alidhani sisi wasomi hatuna huruma, na alikuwa anatufichia aibu.

Daktari alimshika mkono, akafungua kifuniko, akamwekea kidole chake juu ya mrija uliokuwa umejitokeza pembeni. Mzee akakitoa, akakitazama. Kilikuwa kimelowa. Akakiweka tena. "Inatoka jasho," alisema, na uso wake ukabadilika. Alielewa vizuri sana, naweza kuwahakikishia. Alikaa chini hapo hapo sakafuni.

Lililobaki lilikuwa kumwambia Mutiso. Daktari alimweleza yote kibandani, na Mutiso alisikiliza akiviangalia vile vigae. Mirija yake haikuwahi kuvuja. Alikuwa amevunja kazi ya miezi kwa mikono yake kwa sababu ya chupa ya mwana-kondoo. Meneja wa shamba la maua, ambaye ndiye aliyeajiri masoja, alikuja akitaka mzee afukuzwe siku hiyo hiyo. Mutiso ndiye aliyekataa.

"Mkimfukuza mtaleta mwingine," alisema, "na yeye pia atapea maji. Huyu angalau sasa anajua." Halafu akarudi kwenye tanuri.

Lakini hakumsalimia. Mzee Ole Sankale alimwambia "Mutiso, sopa" kila asubuhi, salamu ya Kimaasai inayoitikiwa "epa", na Mutiso akapita. Huku kwetu mtu akikunyima salamu ni bora akupige. Tulipanda jaribio la mwisho kwa mirija ile iliyobaki, baada ya kuikausha na kuipuliza upya, na majuma yale yote wanaume wawili wazima walipishana mlangoni kama magari. Mzee aliiacha chupa nyumbani. Ilimtesa. Niliwahi kumkuta amekizungushia kiuno mikono yake yote miwili mbele ya sanduku, amejikaza, ili asiguse kitu. Nilimruhusu aweke kidole kwenye mrija kila asubuhi, ahakikishe. Hiyo ikawa dawa yake.

Ngano ilipita mahali pa manjano ikabaki kijani. Ikatoa masuke.

Mengine nitayasema upesi. Watu wa ng'ambo waliikubali mirija ya udongo iendelee na majaribio, wakaomba mingine, na kibanda hakikufungwa; ndicho mnachokitumia leo. Kama mrija wowote wa Kitengela ulifika angani, sikuwahi kuambiwa, na niliacha kuuliza. Mutiso alistaafu na jina lake safi. Ameshatutangulia, na namwombea. Baba yangu aliishi akaja kituoni, akaitazama ngano ikizunguka, akasema kwamba hata mbuzi wangekubali kuila. Kutoka kwake hayo yalikuwa mashairi. Nashukuru kwa Daktari aliyenipa gambuti badala ya kunicheka. Nashukuru kwa kila povu lililotoka nikipuliza mirija mibovu. Mkipata fundi mgeni, au soja, au mtu wa kufagia, mpelekeni aweke kidole kwenye mrija siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Siku ya mavuno nimeiacha ya mwisho makusudi. Daktari alikata masuke kwa mkasi mdogo, mbegu zikajaa kiganja kimoja, akazipeleka kibandani akiwa amezifunika kwa mkono wa pili. Nilimfuata. Mutiso alikuwa anakanda udongo wa mirija mipya, mikono imelowa hadi viwikoni. Alizitazama zile mbegu. Hakuzigusa, alisema asizichafue. Aliuliza tu kama geji ilibaki mahali pake, nikamwambia ilibaki, na akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Zamu ya Mzee Ole Sankale ilikuwa imekwisha tangu asubuhi, lakini hakuwa amekwenda. Aliingia kibandani, akaliweka rungu chini, akavua kofia. Kisha akasimama mbele ya Mutiso na kuinamisha kichwa.

Kwa Wamaasai anayeinamisha kichwa ni mtoto, mbele ya mkubwa wake, ili aguswe. Mzee huyu alikuwa na wajukuu na alimzidi Mutiso umri. Na babu zao, wa huyu na wa yule, walikuwa wakiibiana ng'ombe. Sijawahi kuona jambo lile kabla ya siku hiyo, wala baada yake.

Mutiso alimtazama Daktari.

"Anangoja umguse," Daktari alisema.

"Mikono iko na udongo."

"Weka hivyo hivyo," mzee alisema, bado ameinama.

Mutiso akaweka kiganja chake kizima juu ya zile mvi. Akasema, "Sopa."

"Epa," mzee akajibu.

Udongo ulimkaukia kichwani, mweupe, vidole vyote vitano vikionekana. Alikaa nasi hadi jua likapungua, akaichukua kofia yake mkononi, na akaenda nyumbani bila kuivaa.